Mbege Haiharakishwi

Katika vihamba, yaani mashamba ya familia, vya Marangu, Kibosho na Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kazi ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, huanza kwa kungoja. Mama mpishi anakata mikungu iliyokomaa ingali mibichi, anaipanga ghalani na kuifunika kwa majani makavu ya mgomba. Kila asubuhi anaifunua, anaibonyeza kwa kidole gumba, anainusa, kisha anaifunika tena. Ganda la manjano pekee halimridhishi. Anangoja madoa meusi, kwa kuwa hapo ndipo wanga wa ndizi unapokuwa umekwisha kugeuka sukari, na bila sukari hakuna pombe.

Wakati ndizi zikiiva, ulezi nao una safari yake. Anaupepeta kwa ungo, anauosha mpaka maji yatoke safi, halafu anauloweka usiku kucha. Ukishachujwa, anaufunika mahali penye giza na joto, akiunyunyizia maji na kuugeuza usije ukaota ukungu. Punje zinapasuka na kutoa vimizizi vyeupe. Hapa jicho linatakiwa liwe kali: akiuanika mapema, utamu haujapatikana, akichelewa, chipukizi limekwisha kuula utamu huo. Kuchipua kunaamsha ndani ya punje vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Mpishi hahitaji jina lavyo. Anachukua punje chache, anazitafuna, anaamua. Ulezi unaanikwa juani, unasagwa, na sasa ni kimea.

Siku ya kupika ndizi, moto unawashwa alfajiri. Ndizi zinamenywa, zinakatwakatwa na kutiwa katika sufuria kubwa lenye maji. Zinachemka kwa saa nyingi, naye anakoroga kwa mwiko mrefu, akivuta kuni nje moto unapozidi na kuzisukuma ndani unapolegea. Rangi inatoka kwenye manjano hafifu, inapita kwenye hudhurungi, inaishia kwenye wekundu wa udongo. Rojo likipoa linamiminwa kwenye pipa na kufunikwa. Zamani chombo kilikuwa cha mti uliochongwa. Leo pipa la plastiki ni la kawaida. Hatii hamira ya dukani. Chachu inayofanya kazi ni ile iliyomo hewani na kwenye vyombo vyenyewe, na kwa siku kadhaa rojo linatoa povu na kunguruma taratibu.

Uchungu wa mbege unatoka kwenye msesewe, mti ambao wanasayansi wanauita Rauvolfia caffra. Gome lake linakaushwa, linatwangwa na kuchemshwa. Hiki ndicho kiungo kinachopimwa kwa woga, maana kikipungua mbege inabaki tamu ya kukinaisha, na kikizidi hainyweki. Mama huyu hana mizani. Anatia kidogo, anakoroga, anaonja kwa ncha ya ulimi, anasimama kimya kabla ya kutia tena.

Hatimaye anapika mso, yaani uji mwepesi wa kimea. Moto wake ni mdogo kwa makusudi, kwa sababu vimeng'enya vinafanya kazi joto linapopanda polepole, na vinaharibika likizidi. Uji ukipoa, rojo la ndizi linachujwa, makapi yanakamuliwa, na maji yake yanachanganywa na mso. Mchanganyiko unalala usiku mmoja. Ustadi wote unaonekana hapa: ndizi zilikuwa na siku zake, ulezi siku zake, gome siku zake, naye amezipanga zote zikutane jioni hii, ili mbege iwe tayari siku ya mahari au ya harusi iliyokwisha kutangazwa.

Kwa desturi, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo kata ya kibuyu ipite mkono kwa mkono. Mbege ni nzito na si angavu. Punje laini za ulezi zinapita ulimini pamoja na kinywaji. Utamu wa ndizi unatangulia, ugwadu unafuata, na uchungu wa msesewe unabaki kooni muda mrefu baada ya kumeza. Hakuna ladha inayoifunika nyingine, na usawa huo ndio kipimo cha mpishi. Lakini haukai. Chachu na bakteria bado ni hai ndani ya kata, na siku moja au mbili zikipita, ugwadu unashinda kila kitu.

Kwa hiyo ukifika Moshi na kukaribishwa mbege, uliza imechanganywa lini, uinywe siku yake, tena kwa kiasi. Na mpishi akikutajia bei, usimwombe apunguze. Unacholipia ni siku nyingi za mtu aliyejua kungoja.