Mota Haijafa: Kioo Kilichogoma Kupanda Shimanzi

Shimanzi, Mombasa, ni mtaa wa mageti. Uingie godauni, bohari la mafuta au yadi ya makontena, utasimama, utashusha kioo, utaonyesha karatasi, utapandisha kioo, na mbele kidogo utaanza upya. Askari akija upande wa kushoto, dereva hushusha kioo cha abiria kwa swichi iliyo mlangoni mwake. Malori hayakatiki, vumbi halitulii, na bahari ya Kilindini iko karibu mno na chumvi yake. Dirisha la umeme hapa halipumziki.

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, kioo cha abiria cha gari langu kilishuka nusu kwenye geti mojawapo kisipande tena. Nikajaribu swichi ya upande wangu, kimya. Nikanyoosha mkono hadi swichi ya abiria, kimya vilevile. Lakini nikibonyeza kishuke, kilishuka bila shida mpaka mwisho. Fundi niliyempata kando ya barabara alisikiliza mara moja akakata shauri.

"Mzee, mota imechoka. Kushuka ni mteremko, kupanda haiwezi. Tutafute nyingine."

"Umeipima, kijana wangu?"

Hakuwa ameipima. Maelezo yake yalikuwa na mantiki, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana kwa mantiki hiyohiyo mota nyingi nzima hutolewa milangoni zikatupwa. Nikafunika dirisha kwa nailoni, nikarudi nyumbani, nikalifungua mwenyewe kesho yake asubuhi.

Kwanza tuelewane jinsi umeme unavyopita, kwa sababu siri yote imo humo. Katika magari mengi ya Kijapani yasiyo na kompyuta mlangoni, mota ya kioo ina nyaya mbili tu, na hakuna hata mmoja uliofungwa moja kwa moja kwenye bodi. Swichi zikiwa zimetulia, nyaya zote mbili zimeunganishwa na upande wa hasi. Ukibonyeza kupandisha, waya mmoja unapewa volti 12 za betri na wa pili unabaki kwenye hasi. Ukibonyeza kushusha, mambo yanageuka, na mota nayo inageuza mzunguko.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: swichi ya abiria haina hasi yake. Inaazima. Umeme ukishatoka kwenye mota ya abiria hurudi kupitia swichi ya abiria, ukavuka bawaba ya mlango, ukaingia ndani ya swichi kubwa ya dereva, na humo ndimo unamokutana na bodi ya gari. Kibati kimoja cha shaba kikiungua ndani ya swichi ya dereva, kioo cha abiria kitagoma upande mmoja, ubonyeze swichi yake au ya dereva. Ndiyo hali niliyokuwa nayo: kushuka sawa, kupanda hapana, kwa swichi zote mbili. Mota iliyochoka pia inaweza kuleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi.

Kufungua mlango si kazi kubwa. Kuna skrubu nyuma ya kishikio na chini ya sehemu ya kuegemezea mkono, kisha klipu za plastiki ukingoni, halafu paneli inainuliwa kwenda juu. Gari lenye mifuko ya hewa ubavuni, toa kwanza waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Nyuma ya paneli utakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Naomba iheshimiwe. Maji ya mvua huingia ndani ya kila mlango kupitia ukingo wa kioo, na nailoni ile ndiyo inayoyaongoza yashuke kwenye matundu ya chini. Mafundi wengi huichana wakaitupa, na masika yanayofuata spika, mota na soketi zinaoga.

Nilichomoa soketi ya mota, nikaipa mota umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili zenye fyuzi. Kioo kikapanda, polepole lakini hadi juu. Hapohapo habari ya kununua mota ikaisha. Nikakishikilia kioo kwa utepe wa gundi kisinidondokee vidoleni, nikaendelea.

Mita ya umeme ilinionyesha volti 12 kwenye soketi nilipobonyeza kupandisha. Mtu angeridhika. Lakini mita hunywa umeme mdogo mno, na kibati kilichobakiza uzi mwembamba wa shaba kitaipa mita volti zote, kisha kishindwe kubeba ampea za mota. Kwa hiyo nilitumia balbu ya taa ya breki, ya wati 21, inayokula karibu ampea mbili. Kati ya nyaya mbili za mota, nikibonyeza kushusha, balbu iliwaka kwa nguvu. Nikibonyeza kupandisha, ilitoa wekundu hafifu. Nikaipima kati ya waya wenye volti na bodi: ikawaka vizuri. Basi umeme ulikuwa unafika, ila njia ya kurudi ndiyo iliyoziba.

Njia hiyo ina vituo vitatu: swichi ya abiria, nyaya za kwenye bawaba, swichi ya dereva. Nikachomoa soketi ya swichi ya dereva, nikaunganisha waya wa kurudi na bodi kwa kipande cha waya, nikabonyeza kwenye swichi ya abiria. Balbu ikawaka kama jua. Vituo viwili vya kwanza vikawa vimesafika, kosa likabaki ndani ya swichi ya dereva.

Niliipasua swichi kwa bisibisi bapa, taratibu, juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu ndani kuna springi ndogo zinazoruka. Vibati vya upande wa abiria vilikuwa vyeusi kwa cheche, vimezungukwa na kutu ya kijani. Sikutumia msasa. Vibati vingi vimepakwa ngozi nyembamba ya fedha, na msasa huikwangua ikaisha. Nilitumia kipande cha karatasi ngumu kilicholowa spiriti, nikikipitisha katikati mara kwa mara mpaka kikatoka safi.

Na hapa nawasihi wasomaji wangu: msipulize mafuta ya kopo ndani ya swichi. Oktoba 2012 Toyota iliyaita magari yapatayo milioni 7.43 duniani yakaguliwe kwa sababu ya swichi hiyo ya dereva. Grisi haikupakwa sawasawa kiwandani, na kampuni ikaonya kwamba mwenye gari akiongeza mafuta ya kawaida ya dukani swichi inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Mawakala waliagizwa kupaka grisi maalumu ya florini. Mwaka 2015 yakaitwa mengine milioni 6.5 kwa swichi hiyohiyo.

Gari langu halikuwa na kasoro ya aina hiyo. Langu liliuawa na vumbi. Mpira wa mfereji unaoongoza kioo ulikuwa umejaa uchafu mkavu wenye chumvi, kioo kikawa kizito, mota ikavuta umeme mwingi, na kila nilipoachia swichi cheche ilikuwa kubwa kuliko inavyotakiwa. Nadhani hapa ndipo wengi hukosea hata wakishapata kosa la kwanza: wanasafisha swichi, wanaacha mpira, na baada ya miezi michache wanarudi palepale. Niliuosha kwa maji ya sabuni na mswaki, nikauacha ukauke, nikaupaka silikoni. Grisi na oili ya injini hula mpira. Kioo kilichokuwa kikipanda kwa sekunde tisa sasa kinapanda kwa nne.

Njia hii haifai kila gari. Mota yenye kompyuta yake, ile inayosimama yenyewe ikigusa mkono, usiipe umeme wa betri moja kwa moja, utaiunguza. Kioo kinachodondoka kwa kishindo ni mtambo wa kukiinua uliokatika waya wa kwenye kapi, na hapo kununua hakuepukiki. Na ukimkuta fundi amezungushia fyuzi uzi wa shaba, uondoe siku hiyohiyo, maana waya utawaka kabla ya uzi ule kukatika.

Magari yaliyoitwa na Toyota, yakiwemo Vitz na RAV4, yaliundwa kati ya 2005 na 2010, na mengi ya umri huo bado yanatembea Mombasa. Kama lako ni mojawapo, peleka nambari ya chasi kwa wakala uulize kama swichi ilishakaguliwa, kabla hujaifungua.