Nani Kashika Mpini? Kupima Wakati wa Kubadilishana Wachezaji NBA

Mashabiki wengi wa mpira wa kikapu hupima mabadilishano ya wachezaji kwa kikombe. Timu ikichukua ubingwa, meneja alikuwa na akili. Ikitolewa mapema, alikurupuka. Kipimo hicho ni chepesi mno, kwa sababu kinachanganya kazi ya meneja na goti la mchezaji lililoteguka Aprili. Ukitaka kujua kama klabu ilichagua wakati vizuri, rudi kwenye siku ile simu ilipopigwa, uulize: kati ya hawa wawili, nani angeweza kukata simu na bado akalala usingizi? Huyo ndiye aliyeshika mpini. Wakati mzuri wa kuuza ni pale ambapo bado unaweza kukataa kuuza, na wakati mzuri wa kununua ni pale ambapo muuzaji hawezi tena.

Kazi safi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Denver, Februari 2011. Nyota wake Carmelo Anthony alitaka kwenda New York Knicks, na angeweza kuwa mchezaji huru msimu ukiisha. Ukitazama juu juu, Denver ilikuwa imekabwa koo: Knicks wangenyamaza tu hadi Julai, wamchukue bila kutoa mtu. Masai Ujiri, Mnaijeria ambaye mama yake ni Mkenya, ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa ofisi, lakini hakuuza kelele zilipoanza. Alichokiona ni kwamba saa ilikuwa ikimkimbiza Anthony pia. Makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji yalikuwa yakiisha Juni, wamiliki walikuwa wakitishia kusimamisha ligi (na Julai wakaisimamisha kweli), na nyongeza ya mkataba ya takriban dola milioni 65 ilikuwa salama zaidi ikisainiwa chini ya sheria za zamani. Kwa hiyo kusubiri kungeweza kumuumiza mchezaji mwenyewe, na Knicks, waliotaka kumridhisha, hawakuweza kukaa kimya. Juu ya hapo, Denver iliibakiza New Jersey mezani, mnunuzi wa pili ambaye Knicks hawakuthubutu kumpuuza. Wakatoa Danilo Gallinari, Wilson Chandler, Raymond Felton, Timofey Mozgov na chaguo lao la raundi ya kwanza la 2014 (haki ya kuchagua mchezaji mpya anayeingia ligi), kwa mtu ambaye wengi waliamini angekuja mwenyewe baada ya miezi michache. Kutoka kwenye makali hadi kwenye mpini kwa kusoma kalenda ya mwenzako: hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Julai 2019 Oklahoma City haikuhitaji hata ujanja huo. Los Angeles Clippers walimtaka Kawhi Leonard, aliyekuwa mchezaji huru, naye alitaka nyota mwingine aje pamoja naye. Nyota huyo alikuwa Paul George wa Oklahoma City. Kuna watakaosema Oklahoma City ndiyo iliyobanwa, maana George mwenyewe aliomba kuondoka. Lakini ombi si mkataba. George alikuwa amesaini upya mwaka mmoja tu kabla, na klabu ingeweza kumwambia arudi mazoezini Septemba. Clippers wakimkosa George wangemkosa na Leonard, pengine usiku uleule. Bei ikapanda ipasavyo: Shai Gilgeous-Alexander, Gallinari (huyohuyo), machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana machaguo. Ubingwa wa Oklahoma City wa 2025 ulikuja baadaye. Hata usingekuja, siku ile ilikuwa imechaguliwa vizuri.

Upande wa mnunuzi, tazama Toronto ya Julai 2018, Ujiri tena. San Antonio ilikuwa na Leonard aliyecheza mechi 9 tu msimu uliopita, aliyetaka kuondoka, na ambaye angeweza kuwa huru baada ya mwaka. Toronto nayo ilikuwa imetolewa na Cleveland miaka mitatu mfululizo, na nyota wa Cleveland, LeBron James, alikuwa ndiyo kwanza amehamia Los Angeles. Njia ya Mashariki ilikuwa wazi. Toronto ikamchukua Leonard, akaleta ubingwa, kisha akaondoka mwaka uliofuata. Hasara hiyo ilikuwa imo kwenye bei tangu mwanzo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hoja hii inawapa mameneja waoga kisingizio cha kutofanya lolote. Ni kweli, na Washington ni ushahidi. Ilimshikilia Bradley Beal mwaka hadi mwaka, kisha Julai 2022 ikampa mkataba wa dola milioni 251 wenye haki ya kukataa kuhamishwa. Hapo ilimkabidhi mchezaji mpini kwa mkono wake. Juni 2023 Beal alikwenda Phoenix, na Washington haikupata hata chaguo moja kamili la raundi ya kwanza. Mwenye kungoja aangalie kila msimu kama uwezo wake wa kukataa unaongezeka au unapungua. Ukianza kupungua, auze mwaka huohuo.

Dallas ilikosea kwa njia nyingine. Februari 2025 ilimtoa Luka Doncic, mwenye miaka 25, aliyeifikisha fainali miezi minane kabla, ikamchukua Anthony Davis wa miaka 31, pamoja na Max Christie na chaguo moja la raundi ya kwanza. Mkataba wa Doncic ulikuwa bado na muda, na hakuwa ameomba kuondoka. Baadhi ya watetezi huonyesha bahati nasibu ya Mei ya kupanga zamu za kuchagua wachezaji wapya, Dallas ilipopata chaguo la kwanza, lililomleta Cooper Flagg baadaye, ikiwa na nafasi ya asilimia 1.8. Hilo halimo kwenye hesabu ya Februari. Anayetaka kuitetea siku ile atuonyeshe ni kitu gani kilichoilazimisha Dallas kuuza usiku huo, na mnunuzi wa pili alikuwa nani.