Uhakiki wa Itifaki ya NEMO katika Kuunganisha Mitandao Pasiwaya ya Magari na Intaneti

Sehemu hii inahakiki itifaki ya NEMO, iliyochapishwa na IETF mwaka 2005 katika waraka RFC 3963, ili kubainisha iwapo inakidhi mahitaji ya magari yanayofikia intaneti kupitia vituo vya kando ya barabara. Wazo lake la msingi ni jepesi: gari hubeba ruta yake, na ruta hiyo humwarifu wakala wa nyumbani kila inapopata anwani mpya. Vifaa vya abiria hubaki na kiambishi awali kilekile cha anwani (istilahi tunayoiazima kwa wanaisimu, nayo inatosha kabisa) wala havitambui kwamba gari limehama.

Ubora huo haupaswi kubezwa. Ruta ya basi lenye abiria 50 hujisajili kwa ujumbe mmoja, ilhali chini ya Mobile IPv6 kila kifaa kingelazimika kujisajili chenyewe.

Hata hivyo, pakiti zote hupitia handaki la kwa wakala. Tuchukue gari lililopo Dodoma, wakala wake akiwa Tokyo, likiwasiliana na seva iliyopo Dar es Salaam. Umbali wa Dar es Salaam hadi Tokyo unazidi kilomita 10,000, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Pakiti ambayo ingesafiri kilomita mia chache hupoteza zaidi ya milisekunde 100 kwenda Tokyo na kurudi, kabla ya kuhesabu foleni za ruta. Aidha, kila handaki huongeza kichwa cha baiti 40. Pakiti yenye baiti 20 za sauti na baiti 60 za vichwa vya IPv6, UDP na RTP hufikia baiti 120. Abiria akiingia na mtandao wake mdogo wenye wakala mwingine, hufikia 160. Waraka RFC 4888 wa mwaka 2007 unayakiri matatizo haya waziwazi, hivyo si haki kudai kuwa hayakuonekana.

Kwa maoni yetu, hoja nzito iko kwingine. NEMO inachukulia kwamba ruta ya gari inaisikia moja kwa moja ruta ya kituo. Katika mitandao ya magari, mara nyingi ujumbe hupokezanwa na magari yaliyo katikati. Ujumbe wa utambuzi wa jirani katika IPv6 hukataliwa iwapo kikomo chake cha miruko si 255. Ukipitishwa na ruta moja tu, huwa 254. Kinga hiyo iliwekwa makusudi, ili aliye mbali asijifanye jirani. ETSI iliweka GeoNetworking chini ya IPv6, eneo zima la kijiografia likaonekana kama kiungo kimoja. Ni suluhisho la busara, lakini ukubwa wa eneo unabaki mzigo wa msanifu. Gari la kilomita 100 kwa saa huvuka eneo la mita 100 kwa sekunde 3.6, na kuhakiki upekee wa anwani pekee, kwa thamani za kawaida, huchukua sekunde 1. Eneo likipanuliwa, matangazo ya kituo huyafikia magari mengi yasiyoyahitaji, na masafa hujaa.

Tathmini inayomweka wakala jirani na kituo, na kila gari mruko mmoja kutoka kituoni, haigusi lolote kati ya haya. Kwa sababu hiyo, majaribio ya Sura ya Nne yanamweka wakala mbali na yanaruhusu mnyororo wa magari hadi manne.