Simu Moja, Watu Wanne, Dakika 18

Bando la kuangalia mazungumzo ya TED tunachanga watu wanne. Mazungumzo yenyewe yamewekwa mtandaoni bure tangu 2006, lakini njia ya kuyafikia si ya bure. Mwaka 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayeingia kwenye mitandao ya kijamii, halafu Julai 2021 ikaiondoa kodi hiyo na kuweka asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Basi kila Ijumaa jioni, hapa Nsambya, tunaegemeza simu moja kwenye kopo la maziwa ya unga, tunakaa. Kitu ulichokilipia unakuwa mkali nacho. Haya ni maoni ya watu waliolipia.

Tulianza na Andrew Mwenda, mwandishi wa habari wa hapa hapa Kampala, aliyezungumza Arusha Juni 2007. Anasema misaada inaifundisha serikali kumtazama mfadhili badala ya kumtazama mfanyabiashara wake mwenyewe. Mwenzetu anayeuza vitenge Owino akapiga meza: "Kweli kabisa!" Anajua anachosema. Mgawo wa chakula uko kwenye makazi kama Nakivale. Sisi tuliokuja mjini tunajilisha wenyewe, na ushuru wa soko tunalipa.

Lakini kuna mahali nilisimamisha video. Mwenda anasema Afrika ina nchi 53, na vita viko katika nchi sita tu, kwa hiyo vyombo vya habari vinaonyesha zile sita na kuzisahau nyingine zote. Hesabu nzuri, tena ya haki. Ila mimi ni mtoto wa Kivu. Mwaka ule wa 2007 Kivu Kaskazini watu walikuwa wanakimbia na magodoro kichwani. Mimi natoka katika zile sita! Tukiambiwa tusitazame sana vita, sawa, lakini aliye ndani ya vita atazungumziwa wapi? Tulibishana mpaka simu ikazima chaji. Sikukubaliana naye, na bado ndiye aliyenifungua macho kuliko wote.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya Kakuma. Tarehe 9 Juni 2018 kambi ile ya Kenya ilikuwa na jukwaa lake la TEDx, la kwanza kufanyika ndani ya kambi ya wakimbizi. Halima Aden, aliyezaliwa pale pale na kuwa mwanamitindo Marekani akiwa na hijabu yake, alirudi kusimulia. Anazungumza vizuri, na wasichana wengi watapata moyo. Ila ni hadithi ya ngazi: nilikuwa chini, leo niko juu. Mwaka 2020 Halima mwenyewe aliacha kazi ile kwa sababu ya imani yake. Video haijui. Mtu ameendelea na safari, jukwaa limembakiza pale pale akipigiwa makofi.

Mary Maker, aliyekimbia vita vya Sudan Kusini akiwa mtoto, alipanda jukwaa hilo hilo. Naye anasimulia maumivu, lakini anazungumza kama mwalimu. Anataka kitu: wasichana waingie darasani. Ukimsikiliza unabaki na swali la kumjibu, si machozi ya kufuta tu. Kwangu mimi hapo ndipo tofauti ilipo.

Nasema hivi kwa sababu ya mama mmoja jirani yetu, fundi cherehani. Ofisi moja ilimwalika kuzungumza mbele ya wageni. Akajiandaa wiki nzima: namna ya kupanga bei ya gauni wakati kitenge kimepanda, namna ya kumkataa mteja wa mkopo bila kumpoteza. Alipofika akaambiwa, "Mama, tuelezee tu ule usiku mliokimbia." Akaeleza. Akapewa soda na nauli. Hesabu yake ya gauni alirudi nayo kwenye mkoba.

Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nawaomba kitu kimoja. Mkimwita mkimbizi kwenye maikrofoni, muulizeni anajua nini kabla ya kumuuliza amepatwa na nini. Ule usiku atausema mwenyewe akitaka.

Na ninyi wenzangu wa kambini na wa mjini, angalieni mazungumzo haya. Pakueni mahali penye Wi-Fi ya bure. Mengine yana maandishi ya Kiswahili chini. Lakini msiangalie peke yenu. Yule wa kwenye kioo hawezi kuulizwa, jirani anaweza. Dakika 18 zikiisha, zimeni simu mbishane.

Ijumaa ijayo hatununui bando. Mama fundi ndiye atakayezungumza, kuhusu bei ya gauni. Tumempa saa nzima.