Herufi Nne za Reli ya Uhuru

Mchina akiitaja reli ya TAZARA husema Tan Zan Tielu, na akiiandika huweka herufi nne tu: 坦赞铁路. Abiria anayesubiri treni Makambako, amejifunga koti mpaka shingoni kwa baridi ya nyanda za juu, ana muda wa kutosha wa kuzichambua moja baada ya nyingine.

Ya kwanza, tan, imechukuliwa kwa sauti yake tu, iwakilishe Tanzania. Lakini herufi hizi hazijui kunyamaza. Kushoto umekaa udongo, 土. Kulia jua, 日, limesimama juu ya mstari mmoja, kama linavyochomoza alfajiri. Udongo unabeba maana, jua na mstari wake vinabeba sauti, na vikiungana vinasomeka “tambarare”. Tambarare! Wajenzi waliotoka Mlimba, huko bonde la Kilombero, walipanda ukingo wa milima wakitoboa mahandaki na kusimamisha madaraja marefu, ndipo wakafika Makambako. Katika kilomita zote 1,860 za njia hiyo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kipande hicho ndicho kilichowatoa jasho kuliko vyote.

Ya pili, zan, ni Zambia. Maana yake ni kusifu au kuunga mkono. Chini yake pamelala kauri, 贝, wa jamii ya wale wale waliopakiwa Zanzibar kwa shehena katika karne ya 19 wakatumike kama fedha Afrika Magharibi. China ya kale nayo iliwathamini kauri kama mali, na ndiyo maana kombe hilo limeng’ang’ania ndani ya herufi za bidhaa, mali na ughali. Herufi ya umaskini, 贫, inaonyesha “kugawanya” juu ya kauri: mali imegawanywa hadi ikaisha. Mwaka 1976, mwaka ule ule reli ilipokabidhiwa rasmi, wachimbuaji wa mambo ya kale huko Anyang walifungua kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Walihesabu humo kauri karibu 7,000.

Wengi hudhani kila herufi ya Kichina ni picha. Picha zipo, na zinapendeza: mti ni 木, miti miwili ni kichaka, 林, mitatu ni msitu, 森, na aliyepita kwenye mashamba ya miwati ya Njombe hahitaji mwalimu wa kumweleza. Ila ufundi wenyewe hauko hapo. Mnamo mwaka 100 baada ya Kristo, mwanazuoni Xu Shen alichambua herufi 9,353, na sehemu kubwa kabisa zilikuwa za kuunga: upande mmoja maana, upande mwingine sauti. Ni useremala. Fundi hachongi kila kitu upya. Anachagua vipande viwili vinavyokubaliana, kisha anavibana mpaka vikae ndani ya mraba mmoja bila kusukumana.

Ya tatu, tie, yaani chuma, ilikuwa na mistari 21 kabla China haijarahisisha maandishi yake katika miaka ya 1950 na 1960. Reli ilipoanza kujengwa, ilikuwa imebaki na 10. Ya nne, lu, yaani njia, ina mistari 13, na saba ya kwanza huchora mguu. Injini inakwenda kwa dizeli. Herufi ya njia yake ingali inatembea kwa miguu.

Na kalamu ya kuziandikia? Ni 笔: mwanzi juu, manyoya chini, kama brashi yenyewe ilivyo. Njombe mwanzi ni pombe ya ulanzi: masika machipukizi hukatwa ncha, utomvu ukakingwa. China mwanzi ulipasuliwa vibao vyembamba vya kuandikia kabla ya karatasi, vikafungwa kwa kamba, na herufi ya kitabu, 册, bado inaonyesha kamba ikipita katikati. Mwanzi wenyewe, 竹, ni majani mawili yaliyoinama, mistari sita. Brashi husimama wima; mkono unakandamiza, unavuta, unanyanyua. Jani la kushoto huja kwanza, na mstari wake wa wima hushuka moja kwa moja. La kulia linafanana nalo hadi mwisho kabisa, pale ncha inapogeuka kidogo kushoto na kuacha ndoano.