Chungu cha Matanga

Ukitoka Shieywe, mjini Kakamega, kwa barabara ya Kisumu, kabla hujafika Khayega utapita Ilesi. Kando ya lami vyungu vimepangwa safu kwa safu, vikubwa na vidogo, vikingoja wanunuzi. Barabara hiyo hiyo hupitisha magari yaliyofungwa vitambaa vyekundu, yakipeleka maiti nyumbani kuzikwa. Kila niyaonapo mawili hayo pamoja huwaza: mtu anarudi udongoni, na udongo nao umeinuka kuwa chombo.

Wagiriki wa kale waliujua ujirani huu. Mjini Athens, mtaa wa Kerameikos ulikuwa wa wafinyanzi na pia wa makaburi. Yapata mwaka 750 KK, fundi ambaye jina lake halikubaki alifinyanga mtungi wa kusimamishwa juu ya kaburi la mwanamke, wenye kimo cha mita 1.55. Tumboni mwa mtungi huo alichora maiti amelazwa kitandani, na waombolezaji wamejitwika mikono kichwani. Mama wa Kakamega akiutazama leo hahitaji mkalimani. Shangazi zake hulia vivyo hivyo.

Baadhi ya vyombo vile vya makaburini vilitobolewa kitako, ili kinywaji kinachomiminwa kimfikie marehemu ardhini. Chungu chetu kilielekea kwingine. Zamani, palipokuwa na msiba, wazee walikizunguka chungu kimoja cha pombe ya busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakimzungumzia aliyeondoka. Kule chungu kilimnywesha marehemu. Huku kiliwakusanya waliobaki, asiwepo wa kuumeza uchungu peke yake. Kilio cha wengi ni arusi, na hapo arusi hiyo ilikuwa na chombo chake.

Chombo hicho hakifanywi kwa pupa. Mama mfinyanzi huukanda udongo mpaka vijiwe vyote vitoke. Huuviringisha kuwa kamba nene, akaipandisha mzingo juu ya mzingo kwa mikono mitupu, bila gurudumu, kisha akalainisha kuta. Hukianika kivulini, kwa kuwa jua kali hukipasua. Mwisho hukichoma kwa kuni na nyasi uwanjani. Huzuni nayo ni hivyo: ikiharakishwa, hupasua mtu. Ndiyo maana matanga yana siku zake.

Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa hapa Kakamega, ambayo husindikiza arusi na mazishi pia, UNESCO iliiandikisha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Chungu nacho kinastahili heshima hiyo, kwani sufuria na plastiki vinakisukuma nje ya nyua zetu.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo isiwe hukumu yetu juu yake. Ukipita Ilesi, simama, umwamkie mama, ununue chungu bila kumkandamiza bei. Kisha mpeleke binti yako akaone jinsi udongo unavyokandwa.