Kura Mbili za Duka

Mwaka 2014, Bunge la jimbo la New South Wales, Australia, lilipitisha sheria ya kuzipa biashara kura mbili mbili katika uchaguzi wa Baraza la Jiji la Sydney. Mkazi alibaki na kura moja. Watetezi walidai kuwa wenye biashara hulipa kodi nyingi, basi wasikilizwe. Nakubali wasikilizwe, lakini kusikilizwa si kuhesabiwa mara mbili. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mzazi aliyechangia madawati mengi nilimshukuru, ila mtoto wake sikumwongezea alama.

Wapinzani waliona sheria hiyo imelenga kumng'oa Meya Clover Moore, aliyeshika wadhifa huo tangu 2004. Hakung'oka: alishinda tena 2016 na 2021. Wako waliosema, basi hapana lililoharibika. Sikubaliani nao. Mizani mbovu ni mbovu hata siku isipompunja mtu.

Mwaka 2023 Bunge lilizifuta kura hizo. Jirani zao wa Melbourne wangali na kanuni ya kuyapa makampuni wapiga kura wawili. Nao wajiulize: kodi hununua huduma, je, hununua na uraia?